Rangi ya Zambarau ya Fenton: Radikali Zinazosafisha Maji (Sehemu ya Tatu)

Kampuni za dawa na vipodozi za Ulaya zimekwenda mahakamani kupinga sheria mpya ya majitaka. Sheria hiyo ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Januari 2025, inaitaka miji mikubwa iongeze hatua ya nne ya usafishaji, ya kuondoa mabaki ya dawa na kemikali ambazo hatua tatu za kawaida huziacha zipite. Tena inawataka watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama. Mimi niko upande wa sheria, nami sioni haya kulisema. Ila mabishano yamekuwa ya fedha tupu, na kinachotendeka ndani ya maji yenyewe, jambo lililonivuta tangu ujana wangu, kimesahauliwa.

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza radikali ni nini na kwa nini elektroni isiyo na mwenzake haitulii. Radikali ya haidroksili, oksijeni moja na haidrojeni moja, ndiyo kali kuliko zote tunazoweza kuzizalisha katika maji kwa kazi hii. Nguvu yake ya kuoksidisha ni kama volti 2.8, ozoni ina 2.1, klorini 1.4. Molekuli inayokutana nayo hunyang'anywa haidrojeni: radikali yenyewe hugeuka maji, na iliyonyang'anywa huanza kuvunjika. Haihifadhiki katika chupa wala pipa. Sharti izaliwe palepale inapohitajika.

Njia ya kwanza ya kuizalisha iligunduliwa kabla mtu yeyote hajajua kwamba ipo. Mwaka 1876 Henry John Horstman Fenton alikuwa mwanafunzi wa miaka 22 huko Cambridge. Asidi ya tatariki, hiyohiyo inayoupa ukwaju wetu uchachu, ilichanganywa na chumvi ya chuma na haidrojeni peroksaidi kidogo, kisha ikatiwa alkali. Mchanganyiko ukawa zambarau iliyokolea. Fenton aliandika barua fupi katika jarida la Chemical News kueleza alichokiona. Kisha akaendelea kulichunguza jambo hilo kwa miaka, na mwaka 1894 akatoa makala kamili yaliyoonyesha kwamba chuma kidogo mno kinatosha kuiwezesha peroksaidi kuoksidisha asidi nyingi. Rangi ile ilitoka kwenye zao jipya la asidi lililoshikamana na chuma. Makala yale hayataji radikali hata mara moja. Fenton alisema alichokiona, akaishia hapo, na huo ndio uaminifu ninaoutamani katika maabara zetu, ambamo mwanafunzi akipata rangi isiyomo kitabuni huimwaga upesi asije akapunguziwa alama. Walimu wanaowazoesha vijana hivyo wanatudhulumu sote.

Aliyeitaja radikali hiyo katika mmenyuko wa chuma na peroksaidi ni Fritz Haber, pamoja na msaidizi wake Joseph Weiss. Hapa siwezi kupita haraka. Haber ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 kwa kutengeneza amonia kutokana na hewa, na mbolea inayolisha mashamba ya dunia leo inatokana na kazi hiyo. Ndiye pia aliyesimamia kufunguliwa kwa mitungi ya gesi ya klorini huko Ypres, Aprili 1915, askari wakafa wakikosa pumzi. Siku chache baadaye mkewe, Clara Immerwahr, naye mwanakemia, alijiua. Mwaka 1933 Wanazi walipoamuru wafanyakazi Wayahudi wafukuzwe, Haber, mwenyewe wa asili ya Kiyahudi, alijiuzulu akaenda Cambridge, mji uleule wa Fenton. Alifariki Basel Januari 1934, na makala yake na Weiss kuhusu chumvi za chuma na peroksaidi yakachapishwa baadaye mwaka huohuo. Kila ninapofundisha somo hili huwasimulia wanafunzi habari za Ypres kabla ya mlinganyo. Klorini iliyoua kule ndiyo inayoua vijidudu katika mabomba yetu, na aliyesimamia itumike kuua watu kule ni mtu mwenye jina.

Turudi kwenye majitaka. Mbinu ya Fenton hutumika viwandani kuvunja rangi za nguo, lakini ina masharti: maji yawe na asidi, pH ya 3 hivi, na baadaye yatiwe chokaa, nacho chuma hutuama na kuacha tope linalohitaji mahali pa kutupwa. Kwa maji mengi ya mji, Ulaya hutumia zaidi ozoni, ambayo ndani ya maji huzalisha sehemu ya radikali hizi, au mkaa ulioamilishwa, ambao hunasa kemikali bila kuzivunja. Radikali haichagui. Ikikuta bikabonati au mabaki ya majani humalizikia huko kabla ya kuifikia dawa, ndiyo maana hutanguliwa na usafishaji wa kawaida. Nazo kemikali za florini zinazoitwa PFAS, kama PFOA, karibu haziguswi nayo, kwa kuwa kifungo cha kaboni na florini ni kigumu mno.

Kwetu, watafiti wamekuta mabaki ya dawa katika Mto Nairobi, zikiwamo za kufubaza virusi vya ukimwi. Dawa hizo zinaokoa watu na lazima zitumike. Lakini hospitali kubwa na kiwanda cha nguo hutoa maji machache, yenye uchafu mzito, kupitia bomba moja linalojulikana. Pale ndipo birika la Fenton linapofaa, kwa gharama ya mwenye bomba, kabla uchafu haujatawanyika katika mto ambao hakuna halmashauri itakayoweza kuusafisha. Ulaya yenyewe imejipa hadi mwaka 2045 kukamilisha mitambo yake mikubwa. Katika sehemu ya nne tutaitazama ozoni, na bromati, sumu inayoweza kuzaliwa pale maji yanapokuwa na bromidi.