Vipokezi Vinavyoamua Mafuta Yakae Wapi Mwilini

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, watafiti wa Uholanzi waliwalisha panya wa maabara chakula chenye mafuta mengi kwa wiki 17. Panya wa kawaida walinenepa. Wenzao, waliozaliwa bila protini moja tu juu ya seli zao, walibaki wembamba, ingawa walikula kiasi kilekile na matumbo yao yalifyonza mafuta vilevile. Protini hiyo huitwa kipokezi cha VLDL. Kumbe unene hautegemei sahani peke yake. Hutegemea pia ni seli zipi zinazoyapokea mafuta.

Mafuta hayachanganyiki na maji, na sehemu kubwa ya damu ni maji. Kwa hiyo ini huyafunga ndani ya chembe ndogo ziitwazo lipoprotini na kuziachia damuni. VLDL hubeba zaidi trigliseridi, yaani mafuta ya akiba. LDL hubeba zaidi kolesteroli. Kipokezi ni kama bawabu: huitambua chembe kwa protini iliyo juu yake, kisha huikaribisha ndani ya seli.

Umuhimu wa vipokezi ulidhihirika huko Dallas, Marekani, miaka ya 1970. Michael Brown na Joseph Goldstein walikuza maabarani seli za ngozi za watu waliorithi kolesteroli nyingi kupita kiasi. LDL haikunasa kwenye seli hizo, kwa kuwa vipokezi vyake vilikosekana au vilikuwa na hitilafu. Wanaorithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama huweza kupata shambulio la moyo wangali watoto. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Kipokezi cha VLDL kimejaa moyoni, kwenye misuli na kwenye tishu za mafuta. Hapo huisaidia VLDL kukutana na kimeng'enya kinachovunja trigliseridi, na asidi za mafuta zikaingia kwenye seli. Kikikosekana, seli za mafuta hazijazwi, lakini trigliseridi hulundikana damuni. Ndiyo maana kukizuia tu mwili mzima si tiba.

Kwenye ini, kwa kawaida, kipokezi hiki ni haba. Lakini utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mfumo wa kutengeneza protini ndani ya seli za ini ukielemewa, vipokezi hivyo huongezeka. Ini, ambalo kazi yake ni kuitoa VLDL, huanza kuivuta irudi, na mafuta hujikusanya humo.

Ini huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa mafuta pale mafuta yanapozidi asilimia 5 ya uzito wake. Mara nyingi halitoi dalili yoyote, na hata mtu mwembamba huweza kuupata. Wengi huugundua kwa kipimo cha ultrasaundi walichofanyiwa kwa sababu nyingine.

Habari njema ni kwamba ini husikia tiba. Kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta yake. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza pia uvimbe wa ini. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo sita hadi tisa. Basi tuache kumwita mtu mnene mlafi, maana hatujui seli zake zinapokea nini. Tumshauri apunguze soda na vyakula vya kukaanga, atembee kila siku, na mwenye kitambi au kisukari amwombe daktari ampime ini mapema.