Tapeli mmoja alivyotufanya tumnyime mkweli haki yake

JUMATATU moja mapema mwaka wa 2021, mfanyakazi wa karakana ya mbao niliyokuwa karani wake jijini Nairobi aliingia ofisini akiwa ameshikilia kifundo cha mkono. Alidai ubao ulimwangukia saa mbili asubuhi. Msimamizi wake alithibitisha, nami nikajaza fomu bila kuuliza mengi.

Miezi miwili baadaye, tukiwa tumeshamlipia matibabu na siku za mapumziko, kadi ya zahanati alikotibiwa mara ya kwanza ilijitokeza. Ilikuwa na tarehe ya Jumapili. Kumbe jamaa alianguka kutoka kwa bodaboda kijijini kwao, na msimamizi aliyemtolea ushahidi ni shemeji yake!

Mkubwa wangu alifoka. "Karani, kuanzia leo hakuna dai litakalopita hapa kabla sijaliona mimi," akaniambia. Nami, kwa aibu ya kuchezewa shere, nilimuunga mkono.

Haikupita miezi mitatu kabla ya kibarua wa zamu ya usiku kuja na mkono uliofungwa bendeji. Alisema msumeno wa mashine ulimkata vidole viwili siku 12 zilizotangulia. Daftari la ajali halikuwa na neno lolote kuhusu usiku huo, na msimamizi wa zamu alidai hakumbuki kitu.

"Mbona hukusema siku hiyo?" nikamuuliza.

"Nilisema, karani. Supavaiza mwenyewe ndiye alinipeleka zahanati, akalipa kutoka mfukoni mwake, akaniambia nitulie nyumbani nitaitwa."

Sikumwamini. Nilimwambia aende, tutamjulisha.

Aliyemwokoa ni bawabu. Daftari lake la langoni lilionyesha kwamba saa tisa na dakika kumi usiku, kibarua huyo na msimamizi walitoka kwa gari la kampuni. Pembeni aliandika maneno mawili: "mkono damu". Msimamizi alipobanwa, alikiri. Kampuni ilikuwa ikitoa marupurupu kwa zamu iliyomaliza mwezi bila ajali, na zilikuwa zimesalia siku tatu tu mwezi uishe. Hivyo basi, marupurupu tuliyoyaanzisha kwa nia njema ndiyo yaliyotufunza kuficha majeruhi.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka wa 2007, ambayo wengi huiita WIBA, humpa mwajiri siku saba za kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini tangu apate habari. Ajali ikiua, ilani hutakiwa katika muda wa saa 24. Tulikuwa tumeshachelewa. Kampuni ya bima, ambayo kisheria ina siku 90 za kulipa dai, ilianza kuuliza: kwa nini ripoti imekawia? Mbona hakuna shahidi aliyeandikisha taarifa? Yalikuwa maswali yale yale niliyopaswa kumuuliza yule wa bodaboda.

Fedha zenyewe si haba. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Anayepata Sh15,000 kwa mwezi, daktari akikadiria ulemavu wa asilimia 10, hustahili Sh144,000. Si ajabu kuna wanaojaribu bahati yao. Tangu Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake Desemba 2019, madai haya huanzia kwa Mkurugenzi badala ya kukimbiziwa mahakamani, lakini karatasi anazozitegemea Mkurugenzi bado hutoka kwetu sisi waajiri.

Baada ya kisa hicho tulifuta yale marupurupu. Kila jeraha, hata la kupigwa msasa kidoleni, sasa liliandikwa kabla ya zamu kwisha: saa, mashine, na nani alikuwa karibu. Mashahidi walihojiwa mmoja mmoja, si kwa kundi. Tuliomba karatasi ya matibabu ya kwanza kabisa, kwa maana hiyo ndiyo tapeli husahau kuibadilisha. Tukiwa na shaka, tulimpeleka mfanyakazi kwa daktari mwingine kwa gharama yetu, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Na jambo moja nililikataa katakata: kumshuku mtu kwa sababu tu ameumia Jumatatu, au kwa sababu ni kibarua. Watu huumia Jumatatu pia.

Fidia ya yule kijana ililipwa mwezi wa saba tangu akatike vidole. Alipokuja kutia sahihi nilimwomba radhi, nikamweleza habari ya tapeli aliyemtangulia.

"Nimeelewa, karani," akasema. "Lakini kodi ya nyumba ya miezi hiyo yote nilikopa, na mwenye deni hataki kusikia habari za bodaboda."