Habari ndefu: kijana wa Lubumbashi ataijifunza wapi?

Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliacha kazi ya Gécamines mu mpango ulioitwa « départs volontaires ». Mu habari za redio, hiyo ni sentensi moja. Lakini kiisha pale, nyumba ilikula nini? Watoto waliendelea na masomo? Nani alienda kulima? Kujibu kunaomba wiki nyingi: kuikala na familia moja, kurudia, kulinganisha maneno yao na karatasi. Hiyo njo habari ndefu.

Wengi wanafikiri ni kazi ya wenye diploma tu. Mji wetu unaonyesha ingine. Mu 1965, André Yav aliandika « Vocabulaire » ya mji wa Élisabethville, kwa chama cha watu waliokuwa maboyi ku nyumba za wazungu. Jina ni la Kifaransa, lakini maandiko ni Kiswahili cha hapa hapa. Anahadisia mwanzo wa mji, na namna boyi aliishi na patro wake. Maneno hayakuandikwa kama vile shule inataka, kweli. Lakini profesa Johannes Fabian aliona uzito wake, akaitoa mu kitabu mu 1990.

Ku Unilu kuko njia ingine. Tangu 2000, mu mpango « Mémoires de Lubumbashi », pamoja na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, vijana walienda mu familia kukusanya historia za maisha. Ku kazi ya vile mtu anajifunza kuuliza, halafu kunyamaza. Mzee haanzi na jambo kubwa. Anaanza na posho ya unga, na jina la kapita. Mwenye haraka anazima mashine mbele jambo lenyewe halijafika.

Sasa neno nguvu: mafranga. Kijana mwanahabari mara nyingi anaishi na « coupage », pesa ambayo mwenye mkutano anamutilia mu bahasha. Mikutano mitatu ku siku inalisha. Miezi miwili ku Katuba na mama muuza makala hailishi, na hakuna mwenye atatoa coupage juu ya ile.

Kwa hiyo formasio ya siku tano, na cheti na picha ya wote pamoja, haitoshi. Kijana anaomba transport, mukubwa wa kumusomea na kumurudishia maandiko hata mara tatu, na mushahara wa ile miezi. Na kama wanachagua tu wenye Kifaransa kizuri, binti wa Ruashi mwenye kuhadisia vizuri mu Kiswahili atabaki inje, na Yav naye angebaki.