Alizeti ya Mwankoko na wateja wa kwenye simu

HAKUNA ubishi kwamba jina la Singida sokoni limebebwa na vitu viwili: kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Ni nadra abiria wa basi la Mwanza kupita mkoani hapa bila kuona madumu ya mafuta yamepangwa kando ya barabara.

Mkulima wa Kata ya Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida, hana abiria hao shambani kwake. Akivuna, wenzake wote nao wamevuna, na anayepanga bei ni mnunuzi mwenye lori.

Hapo simu inaweza kumsaidia, ila si kwa namna wengi wanavyodhani. Wengi hufungua ukurasa wa Facebook siku mafuta yalipokamuliwa, wakabandika picha ya dumu na namba, kisha wakakaa kusubiri. Mteja wa Dodoma anayeogopa kuuziwa mafuta yaliyochanganywa anatafuta mtu wa kumwamini, na imani haijengwi kwa picha moja.

Kazi hiyo inaanza na mvua za Desemba. Onyesha mbegu ikipandwa, palizi, maua yalipochanua, hadi siku ya kukamua. Picha mbili kwa wiki kwenye WhatsApp zinatosha. Bando nalo ni gharama. Mafuta yakiwa tayari, taja ujazo na bei waziwazi, maana "njoo inbox" huwachosha watu.

Wateja wa kwanza wala si wageni. Ni watoto wa hapo hapo waliohamia Dodoma, Arusha na Dar es Salaam, wanaoijua ladha ya nyumbani. Mmoja akiridhika na dumu la lita 5, mwombe awaambie majirani zake.

Usiwaingize watu kwenye kundi bila kuwauliza. Wanakereka na kujitoa, na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kosa kubwa zaidi ni kuweka wateja wote ndani ya mtandao mmoja. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na Oktoba 29 mwaka huo, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Ukurasa wenye wafuasi 5,000 haukuwa na faida yoyote siku hizo. Kwa hiyo kila anayenunua, andika jina, namba na alichochukua kwenye daftari la kawaida, ili uweze kumpigia hata pasipo intaneti.

Kabla ya kutaja bei, ulizia kwanza gharama ya mzigo kwenye basi. Malipo ya simu yahakikishe kwa kuangalia salio lako mwenyewe, si kwa kuusoma ujumbe uliotumiwa na mnunuzi. Na mfuniko wa dumu ukazwe vizuri. Mafuta yakivuja kwenye buti la basi, picha itakayosambaa ni ya mteja, si yako.