Meteo inasema upepo 15: tuelewe kwanza 15 ya nini



Sisi tunaotoka kandokando ya Tanganyika, kuanzia Uvira mpaka Baraka na Kalemie, wazazi wanatuuliza kila mara: «Weye ulisoma, angalia kwa telefone kama upepo iko mubaya.» Watu wanapanda boti ju ya jibu letu. Basi tujue ile namba inasema nini.

Kwanza, kipimo. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ni wa kawaida. Mita 15 kwa sekunde ni kilomita 54 kwa saa, na hapo boti ya mbao iko hatarini. Tena mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Na ile namba ni wastani tu: kando yake tafuta rafale, ule upepo wa kupiga ghafla, ju ndio unaopindua mtumbwi.

Pili, mwelekeo. Meteo inataja upande upepo unakotoka. Telefone ikiwa kwa Kifaransa, O ni magharibi, haiko sifuri. SE ni kusini-mashariki, na huo ndio upepo mkubwa wa kiangazi chetu, Mei mpaka Septemba hivi. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi toka kusini mpaka kaskazini, kwa hiyo upepo wa kusini unasukuma maji safari ndefu na mawimbi yanakua njiani. Saa zingine yanafika kwetu hata kama hapa upepo umetulia.

Tatu, saa. Ukiona UTC, ongeza masaa mawili: 10:00 UTC kwetu ni saa sita ya mchana.

Sasa, mbona namba na ziwa havipatani? Kompyuta za meteo zinagawa dunia kwa miraba, mingi ikiwa na upande wa kilomita 9 mpaka 25 hivi. Pale Uvira, ukitoka ufukweni unaanza kupanda mlima mara moja. Mraba mmoja unameza maji, mji na mlima pamoja, halafu unatoa namba ya katikati.

Ndani ya mraba huo kuna upepo wetu wenyewe. Mchana nchi kavu inapata moto mbele ya maji, hewa inapanda mlimani, na upepo wa ziwa unakuja kujaza nafasi. Usiku mlima unapoa, hewa baridi inashuka kuelekea ziwani. Wavuvi wa ndagala wanaujua huo, ju unawasukuma ndani. Kwa sababu sisi tuko upande wa magharibi, mchana wa kiangazi upepo wa ziwa unaungana na ule wa kusini-mashariki, basi nguvu inaweza kupita ile ya kwenye telefone.

Masika ni habari ingine. Wingu la radi linaweza kuangusha upepo mkali kwa dakika chache, na hakuna kompyuta inayoweza kusema siku mbele kwamba litapiga kijiji fulani saa fulani. Ukiona wingu jeusi na baridi ya ghafla, rudi ufukweni, hata kama meteo ilisema shwari.

Kwa hiyo mzazi akiuliza, usijibu «hakuna shida» tu. Sema: «Asubui upepo ni mdogo, kuanzia saa tano rafale zinapanda, tuulize na wavuvi.» Mzee anayelala ziwani miaka 30 anajua kona ya kijiji chake kuliko mraba wowote. Lakini hawezi kuona upepo wa kesho kutwa ukijiandaa kusini. Huo telefone inauona.

Napendekeza kazi ndogo. Kila mmoja kijijini kwake achukue kaye, aandike asubui, mchana na jioni: meteo ilisema nini, na ziwa lilifanya nini. Kiangazi kimoja kikiisha, tutajua kwetu tuongeze ngapi juu ya ile 15, na saa gani boti isiondoke.