UZI: Wakisema "tumeleta mashine", uliza picha inasomwa na nani

1/ Kila msimu wa siasa lazima utaona kiongozi amesimama kando ya mashine kubwa nyeupe hospitalini, anakata utepe. Wafuasi wanashangilia, wapinzani wanasema pesa zimeliwa. Nasoma sayansi ya siasa, na naona pande zote mbili zinabishana juu ya mashine, wakati mgonjwa anataka jibu. Twende polepole.

2/ Chukua kiharusi. Kuna cha mshipa wa ubongo kuziba na kuna cha mshipa kupasuka. Kwa macho vinafanana: mdomo umepinda, mkono hauinuki. Lakini dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumsaidia wa kwanza na kumuua wa pili. Skani ya CT ndiyo inatofautisha, na dawa hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Sasa piga hesabu ya mtu anayepewa rufaa hadi kaunti jirani.

3/ Lakini picha ya bei si lazima iwe ndiyo bora kwako. Eksirei na CT hutumia mionzi, CT ikitumia zaidi. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, MRI hutumia sumaku. Tangu 2016 WHO inapendekeza kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Hiyo haihitaji mashine ya kukatiwa utepe.

4/ Sasa siasa. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti hospitali zao, serikali kuu ikabaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Mwaka 2015 serikali kuu ikaingia mkataba wa kukodi vifaa, vikiwemo vya radiolojia, kwa hospitali 98: mbili kila kaunti na nne za kitaifa. Kila kaunti ikawa inakatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye milioni 200.

5/ Seneti ilipochunguza, ikabainika vifaa vingine vilikaa tu bila kutumika. Kwingine hakukuwa na wataalamu, kwingine umeme au chumba havikuwa tayari. Kodi ililipwa vilevile.

6/ Ndiyo maana nasema mashine peke yake si huduma. Radiografa anapiga picha, mtaalamu wa radiolojia anaisoma na kuandika ripoti, daktari anaamua matibabu. Kiungo kimoja kikikosekana, umebaki na bahasha kubwa chini ya kitanda. Picha inaweza kutumwa kwa intaneti isomwe mji mwingine, lakini bado kuna mtu lazima alipwe kuisoma.

7/ "Si afadhali mlipe kwa kila picha?" Inasaidia, mashine iliyolala hailipiwi. Lakini mwenye mashine naye atapenda picha ziwe nyingi, hata zisizohitajika. Kodi ya mwaka inalipia uvivu, malipo ya kila picha yanachochea tamaa. Mfumo wowote unahitaji mtu wa kuukagua.

8/ Wale wa "watu wetu wanataka dawa kwanza", nawasikia. Dispensari bila dawa ni aibu. Ila dawa bila kujua ugonjwa ni kubahatisha, na kubahatisha pia kuna gharama.

9/ Kwa hivyo akija kuomba kura, muulize: mwezi uliopita mashine ilifanya kazi siku ngapi? Ripoti inachukua siku ngapi? Ikiharibika, nani anaitengeneza, na kwa bajeti gani?

10/ Na ukiwa mgonjwa, Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako, njia zilizopo, faida, hatari na gharama. Uliza bila woga: "Daktari, picha hii itabadilisha nini kwenye matibabu yangu?" Kama ni muhimu, atakueleza. Ukitoka, beba picha na ripoti yako, usirudie kulipia.

Sambaza hadi kwa group ya familia. Maswali weka hapa chini, matusi peleka kwingine.