Ijumaa, Kabla Jua Halijazama

Akina mama, ni nani kati yetu aliyeketi juma lililopita? Kuketi hasa, si kuketi huku ukichambua dagaa. Hapa Bariadi, msimu wa pamba ukifika, hata Jumapili tunatoka kanisani mbio, vitenge vya sikukuu vingali mwilini, tukawahi shamba. Kliniki tunamwambia mama mwenye shinikizo la damu apumzike, yeye hucheka. Nasi wauguzi tunaomwambia hatupumziki.

Ndiyo maana habari za Abayudaya zilitugusa. Hawa ni Wayahudi Waafrika, wengi wao wakulima kama sisi, karibu na Mbale, mashariki ya Uganda. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyebatizwa na Waprotestanti. Kwa kulisoma Agano la Kale alishawishika kwamba torati ishikwe yote, na mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe.

Sabato ya Wayahudi huanza Ijumaa jioni. Kabla jua halijazama, kwa desturi mama wa nyumba huwasha mishumaa na kutamka baraka. Kisha, kwa sheria yao, moto hauwashwi tena mpaka nyota zionekane Jumamosi usiku. Fikirini, sisi wa mafiga matatu! Maji, kuni, chakula cha kesho, nguo za watoto, vyote viwe tayari mchana.

Hapo tulibishana katika kikundi chetu. Mama mmoja alisema huo ni mzigo juu ya mzigo, Ijumaa atakufa kwa kazi. Ni kweli, akiifanya peke yake. Lakini amri yenyewe, Kutoka 20, inamtaja mwana, binti, mtumishi, hata mnyama. Yaani maksai wa jembe ana siku yake, na mama je?

Tena watu hawa walijaribiwa. Idi Amin alipiga marufuku dini yao miaka ya 1970. Wengi waliiacha, wachache walisali kwa siri hadi alipoangushwa mwaka 1979. Nani hujificha kwa ajili ya jambo lisilompa furaha? Leo zaburi wanaziimba kwa Kiganda na Kiebrania. Mmoja wao, Gershom Sizomu, aliwekwa wakfu kuwa rabi huko Marekani mwaka 2008. Na mwaka 2004 wakulima wao waliunda ushirika mmoja wa kahawa na Wakristo na Waislamu.

Sisi hatukuhama dini. Tulikubaliana tu kujaribu jioni moja kwa juma: kazi iishe kabla ya jua kuzama, na nyumba nzima isaidie. Yule mama mbishi alirudi na ushuhuda. Mumewe alifunga madumu manne kwenye baiskeli akaenda kisimani mwenyewe, majirani wakimwangalia. Jua lilipozama aliketi mkekani na watoto, na mdogo akamwuliza, "Mama, unaumwa?"